Daftari la wafu: Kongo ilivyohesabu watu wake, tangu reli ya Matadi hadi mahakama ya La Haye

Reli ya kutoka Matadi hadi Stanley Pool, ilipo Kinshasa ya leo, ilianza kujengwa mwaka 1890 na ikafunguliwa mwaka 1898. Hesabu rasmi ya waliokufa katika kazi hiyo imebaki mpaka leo: wazungu 132, na wasio wazungu 1,800. Ziangalieni namba hizo mbili zikiwa pamoja. Ya kwanza imehesabiwa mtu mmoja mmoja, mpaka wa mia moja thelathini na mbili. Ya pili inaishia na sifuri mbili, kama ya mtu aliyesimama mlangoni akikadiria magunia ya muhogo kwa jicho.

Waliomo ndani ya ile 1,800 walitoka mbali na karibu. Wengi walikuwa watu wa pwani ya Afrika ya Magharibi, wengine wenyeji wa Bas-Congo. Mwaka 1892 waliletwa kwa meli Wachina 540 kutoka Macao na Hong Kong, na inaandikwa kwamba 300 kati yao walikufa au walikimbilia porini. Hapo ni pa kusimama kidogo: aliyekufa na aliyetoroka wamewekwa kwenye mstari mmoja. Kwa karani wa kampuni wote wawili walikuwa kitu kimoja, mtu ambaye haji tena kazini. Waandishi wengine wa historia hiyo wanaona kwamba miaka miwili ya kwanza, iliyokuwa mibaya kuliko yote, ilikula karibu watu weusi 1,800 kila mwaka.

Mzungu aliyekufa Matadi alikuwa na mkataba, jina la ukoo, kijiji Ubelgiji, na ndugu waliongojea barua. Kifo chake kilidai karatasi. Mfanyakazi mweusi alikuwa na nafasi kwenye orodha ya malipo. Jina likifutwa, posho inakatwa, na kazi ya karani imekwisha. Ni watu wa kazi moja, waliokufa kwa homa moja na kuhara kumoja, lakini kalamu zilizowaandika hazikuwa sawa. Mtafiti wa afya anayetaka kujua leo kama reli iliua weusi zaidi kuliko weupe, na kwa kiasi gani, anajikuta mbele ya namba mbili ambazo hazikupimwa kwa kipimo kimoja.

Wakati huohuo, kule kwenye misitu ya mpira, Bula Matari hakuhesabu wafu kabisa. Alihesabu risasi. Askari wa Force Publique alipewa risasi kwa hesabu, na alitakiwa kuonyesha kwamba hakuzipoteza kwa kuwinda nyama. Ushahidi uliotakiwa ulikuwa mkono wa kulia wa aliyeuawa. Ripoti ya Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, na barua za wamisionari zimeeleza habari hiyo kwa urefu, na wazee wa Équateur wamewasimulia wajukuu wao. Mtu anaweza kusema kwamba vile vikapu vya mikono vilikuwa daftari la vifo la kwanza la Serikali ya Kongo. Lakini hata daftari hilo lilidanganya. Askari aliyekwisha kutumia risasi kwa swala alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu yake itimie. Ndiyo maana picha za wakati ule zinaonyesha watu wazima na watoto wasio na mkono, wamesimama, wanatazama kamera. Katika hesabu ya risasi, watu hao walikuwa wamekufa.

Mwezi wa Agosti 1908, kabla Kongo haijakabidhiwa kwa serikali ya Ubelgiji, makaratasi ya utawala wa Mfalme Léopold II yalichomwa Brussels kwa siku nane mfululizo. Baada ya hapo kila mtu alilazimika kukisia. Mwaka 1919 tume rasmi ya Kibelgiji ilisema kwamba wenyeji wamepungua kwa nusu tangu wazungu walipoingia. Mwaka 1924 watu wa Kongo walikadiriwa kuwa milioni 10. Wengine waliunganisha mambo hayo mawili: ikiwa nusu imebaki na nusu hiyo ni milioni 10, basi waliopotea nao ni milioni 10. Namba hiyo ndiyo inayosomwa katika vitabu vingi. Wanademografia wengine, akiwemo Jean-Paul Sanderson aliyefanya kazi hiyo Louvain, wamefuata mahesabu ya umri na uzazi wakapata upungufu mdogo zaidi. Kila upande una sababu zake, na wote wanafanya kazi juu ya majivu ya mwaka 1908.

Serikali ya Kongo ya Ubelgiji ilipotulia ilileta madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la etasivili. Humo aliandikwa mzungu aliyezaliwa, aliyeoa na aliyekufa, pamoja na Wakongo wachache waliokubaliwa kuingia chini ya sheria ya kiraia. La pili lilikuwa la sensa ya utawala, lililotunzwa na ofisi ya teritwari, ambamo mwenyeji aliandikwa chini ya chifu wake, kijiji chake na kabila lake. Daftari hilo la pili lilikuwa na kazi nyingi: kodi, mazao ya lazima, barabara, watu wa kupelekwa migodini. Afya ilikuja nyuma sana.

Hapo lazima mtu afikiri kama mwanakijiji wa mwaka 1935. Mwanaume mwenye kulipa kodi akifa, ndugu zake wana haraka ya kumwambia karani, maana jina lisipofutwa kodi itaendelea kudaiwa. Mtoto wa wiki tatu akifa, nani atatembea siku mbili kwenda kusema? Mara nyingi alikuwa hajaandikwa bado, na asiyeandikwa hafutwi. Basi daftari lilijua vifo vya wanaume wazima kuliko vya watoto, na kwa nchi ambayo mtoto ndiye anayekufa kwanza, hilo lilikuwa kosa kubwa. Kwenye kambi za migodi ya Katanga hesabu ilikuwa nzuri zaidi, kwa kuwa mwajiri alipoteza mkono wa kazi. Ndiyo sababu inawezekana leo kuandika kwamba wafanyakazi wapatao 5,000 walikufa katika migodi na viwanda vya shaba kule kati ya 1911 na 1918. Kwa vijiji walivyotoka wanaume hao hakuna namba kama hiyo.

Wabelgiji wenyewe waliona udhaifu wa daftari la pili. Kati ya 1955 na 1957 waliendesha uchunguzi mkubwa wa demografia nchini kote, kwa sampuli, yaani kuchagua sehemu ya watu ili kusema juu ya wote. Wapimaji waliingia nyumba kwa nyumba wakauliza: katika miezi 12 iliyopita nani amezaliwa, nani amekufa? Njia ya kuuliza kumbukumbu ya mama badala ya kuamini kitabu cha ofisi ilianza kutumika Kongo kwa upana katika kazi hiyo. Miaka 40 na zaidi baadaye, vita vikiwa vimewaka, njia hiyohiyo ndiyo iliyorudi.

Uhuru ulifuta kwenye sheria ile tofauti ya mzungu na mwenyeji. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inamtaka kila kifo kiandikwe etasivili, cha mtu yeyote. Sensa ya kisayansi ilifanyika mwezi wa Julai 1984, ikapata watu wapatao milioni 30, na tangu hapo haijafanyika nyingine. Hayo mawili yanakwenda pamoja, maana kiwango cha vifo ni sehemu yenye namba juu na namba chini. Juu wanakaa waliokufa, chini wanakaa watu wote. Kijiji chenye watu 1,000 kikizika wawili kwa mwezi, kiwango ni 2 kwa 1,000. Lakini ukiwa na daftari la makaburi bila kujua kijiji kina watu wangapi, au ukijua watu bila kujua makaburi, huna kitu. Kongo ya miaka ya 1990 haikuwa na namba ya juu wala ya chini.

Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998, shirika la International Rescue Committee lilianza kutafuta namba hizo. Mwaka 2000 timu iliyoongozwa na Les Roberts ilipima sehemu chache za mashariki na kutangaza kwamba katika miezi 22 watu milioni 1.7 walikufa zaidi ya wale ambao wangekufa kama kungekuwa na amani. Wataalamu wanaviita vifo vya ziada. Uchunguzi wa 2001 ukasema milioni 2.5. Wa 2002 ukasema milioni 3.3. Wa 2004, uliofikia kaya 19,500 na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwanzoni mwa 2006, ukafikisha milioni 3.9. Wa mwisho, uliopima Januari 2006 hadi Aprili 2007 katika kaya 14,000 na zoni za afya 35, ndio uliotoa namba inayosikika kila mwaka redioni: milioni 5.4.

Namba hiyo haikutoka kwenye daftari lolote la etasivili. Ilitoka kwenye midomo ya akina mama na akina baba waliokaa mbele ya nyumba zao wakitaja majina. Nayo ilileta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Vifo vya risasi na panga katika uchunguzi huo wa mwisho vilikuwa asilimia 0.4 tu. Waliobaki waliuawa na malaria, kuhara, nimonia, utapiamlo na taabu za uzazi. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 19 ya watu lakini asilimia 47 ya wafu. Familia iliyokimbia Masisi au Fizi usiku, ikalala wiki mbili porini, ikazika mtoto njiani kwa sababu ya homa, ilijikuta ndani ya hesabu ya vita kwa mara ya kwanza. Kwa jambo hilo peke yake kazi ile ilistahili shukrani.

Kisha wakaja wakosoaji, na si watu wa kudharauliwa. Mwaka 2008 wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walipitia sensa ya 1984 na orodha ya wapiga kura, wakasema vifo vya ziada vya 1998 hadi 2004 havikufika hata 200,000. Januari 2010 kundi la Human Security Report huko Kanada likaandika kwamba uchunguzi wa mwanzo ulichagua baadhi ya maeneo kwa sababu shirika lilikuwa na kazi zake huko, na kwamba kiwango cha kawaida kilichotumika kilikuwa cha chini mno.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa ugomvi wote, nayo si ngumu. Uchunguzi wa 2007 ulikuta watu 2.2 wanakufa kila mwezi kwa kila 1,000. Lakini kabla ya vita wangekufa wangapi? Shirika lilichukua wastani wa Afrika kusini ya Sahara, 1.5. Wakosoaji wakasema Kongo ilikuwa imeharibika tangu Mobutu, hospitali hazina dawa, kwa hiyo 2.0 ingefaa zaidi. Fanyeni hesabu. Ukitoa 1.5, vifo vya ziada ni 0.7 kwa 1,000, yaani watu 700 kwa mwezi kwa kila milioni moja. Ukitoa 2.0, ni 200 tu. Hakuna kaburi lililoongezwa wala kupunguzwa, na hakuna mama aliyebadilisha neno lake. Namba moja ambayo Kongo haikuwahi kuiandika wakati wa amani inafuta watu 500 kati ya kila 700. Kwa hesabu ya wakosoaji hao, vifo milioni 2.8 vya uchunguzi wa tatu hadi wa tano vilishuka chini ya 900,000.

Ni kweli kwamba wastani wa bara zima haikuwa kipimo kizuri kwa nchi iliyokuwa imelala kitandani miaka 20. Lakini pande zote mbili zilikuwa na shimo lilelile. Kaya iliyokufa yote haina wa kufungua mlango kwa mwenye kuuliza. Kijiji kilichohama hakiko pale ramani inapokionyesha. Palipokuwa na mapigano makali timu hazikuingia. Na orodha ya wapiga kura ni orodha ya watu wazima walio hai na waliofika kwenye ofisi: mtoto aliyekufa mwaka 2000 hangekuwemo kwa njia yoyote.

Uchunguzi wa afya uligawa wafu kwa mashariki na magharibi, kwa umri, kwa ugonjwa. Haukuwagawa kwa kabila. Katika nchi ambayo kuulizwa kabila kizuizini kulitosha kumuua mtu, ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini gharama yake ipo. Bambuti na Batwa, wanaoishi mbali na kituo cha afya na mara nyingi nje ya orodha ya kijiji, wamemezwa ndani ya wastani wa zoni. Na pale ambapo takwimu za afya zinakaa kimya, jamii zenyewe zinahesabu. Huko Ituri tangu 1999 kila upande umekuwa na orodha yake, Wahema ya kwao na Walendu ya kwao, na ni nadra orodha moja kukubali wafu wa nyingine. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, inayojulikana kwa jina la Mapping, ilipitia matukio 617 ya Machi 1993 hadi Juni 2003 ikiwataja waliouawa wa jamii nyingi: Wakasai waliofukuzwa Katanga, wakimbizi wa Kihutu, Watutsi, Wahema, Walendu, Wanande, Bambuti. Haikuwa kazi ya takwimu za afya, na yenyewe haikujidai kuwa hivyo. Hata hivyo kwa wengi hiyo ndiyo karatasi pekee ambamo kifo cha ndugu kimeandikwa, bila jina, ndani ya neno “angalau.”

Mtu anaweza kufikiri kwamba taabu hii ni ya nchi maskini tu. Familia nyingi za Kivu na Tanganyika zilizopitia makambi ya Burundi, Tanzania, Uganda na Rwanda zina ndugu waliopelekwa Marekani, na kwa miaka kadhaa Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi zote zilizopokelewa kule. Marekani kila kifo kina cheti, na cheti kina nafasi ya rangi, au mbari kama wanavyosema wasomi. Nani anaijaza? Marehemu hawezi kujibu. Anayejaza ni mwenye nyumba ya mazishi. Anapaswa kuuliza ndugu. Asipowapata, au akiona haya kuuliza, anamtazama marehemu na kuandika anachoona.

Mwaka 1992 Robert Hahn na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA kazi ambayo bado inashangaza. Walichukua watoto waliozaliwa Marekani kati ya 1983 na 1985 na kufa kabla ya kutimiza mwaka, wakalinganisha rangi iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa na ile ya cheti cha kufa. Kwa watoto weupe, vyeti viwili havikupatana kwa asilimia 1.2. Kwa weusi, asilimia 4.3. Kwa watoto wa makundi mengine, asilimia 43.2. Mtoto aliingia duniani akiwa Mhindi Mwekundu, kama walivyozoea kuwaita wenyeji asilia wa Marekani, akatoka akiwa mzungu, na maisha yake hayakufika miezi 12.

Hapo inarudi ile sehemu ya juu na chini. Katika sensa mtu anajitaja mwenyewe, kwa hiyo chini ya mstari yupo kama mwenyeji asilia. Akifa, mgeni anamwandika mzungu, kwa hiyo juu ya mstari hayupo. Kundi lake linaonekana na watu wengi na vifo vichache. Kwenye karatasi ni watu wenye afya, na serikali inayoangalia karatasi haina haraka ya kuwapelekea daktari. Ofisi ya takwimu za afya ya Marekani imepima kosa hilo mara kadhaa, na katika ripoti ya 2016, Elizabeth Arias na wenzake waliandika kwamba kwa weupe na weusi vyeti vinaaminika sana, kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini na ya Asia kosa limeshuka hadi asilimia 3, lakini kwa wenyeji asilia limebaki asilimia 40. Miongo ya kompyuta na sheria, na bado.

Kwa Mkongo aliyefia Marekani tatizo ni la namna nyingine. Cheti chake kitasema mweusi, na kitakuwa sahihi. Nchi aliyozaliwa pia itaandikwa. Lakini jedwali la vifo linalosomwa na wengi linaishia kwenye neno mweusi, na ndani ya neno hilo mama wa Uvira aliyekaa miaka 18 Nyarugusu anachanganywa na mtu ambaye mababu zake wako Georgia tangu utumwa. Kosa la kuandika halipo hapo, ila anayetafuta maradhi ya kambi ndani ya jedwali hilo hataona kitu.

Huku nyumbani, swali la daftari lilifika mahakamani. Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye mwaka 1999, ikashinda kesi mwaka 2005, na miaka mingi ya mazungumzo juu ya fidia ilipokwisha bila makubaliano, majaji wakapaswa kukata wenyewe. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Kwa upande wa uhai wa raia ilitaja wafu 180,000 ambao Uganda ingepaswa kuwalipia. Mtaalamu wa takwimu aliyeitwa na mahakama, Debarati Guha-Sapir, alikadiria vifo vya ziada vya vita vyote kuwa karibu milioni 5.

Hukumu ilisomwa tarehe 9 Februari 2022. Majaji walikubali kwamba vita vile vilifanya ushahidi uwe mgumu kupatikana, na kwamba hawawezi kudai karatasi ya kila mtu. Lakini fomu za wahanga zilizoletwa na Kongo, nyingi hazikuwa na kitu cha kuzishika mkono, kama hati ya kifo au karatasi ya hospitali. Na hesabu ya vifo vya ziada haikuweza kusema ni kifo kipi kilitokana na Uganda na kipi na mwingine. Wakaamua kwamba wafu wanaoihusu Uganda wako kati ya 10,000 na 15,000.

Mfano wa Kisangani unaonyesha walivyobanwa. Vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana katikati ya mji wa watu wengine, vilikuwa na mashahidi kwa maelfu, wamisionari, madaktari, waandishi wa habari. Hata hivyo ripoti ya Mapping, ikikusanya vyanzo vyote, inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760. Huo ni mji mkubwa, wenye hospitali na wilaya zenye majina. Mtu afikirie kijiji cha ndani cha Ituri.

Mahakama iliamuru dola milioni 325 kwa jumla. Kati ya hizo, milioni 225 ni za madhara kwa watu: waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto waliotiwa jeshini, na waliohamishwa makwao. Zilipangwa kulipwa kwa awamu tano za dola milioni 65, kila tarehe 1 Septemba tangu 2022 hadi 2026. Awamu ya kwanza Uganda iliilipa mwaka huohuo wa 2022. Tarehe 26 Desemba ya mwaka huo Kinshasa ilitangaza sheria nambari 22/065, inayolinda na kufidia wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa mengine dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na mfuko wa FONAREV umetoka ndani yake. Sheria hiyo haimtazami aliyeumizwa mwenyewe tu. Inawatazama pia waliomtegemea.

Kwa hiyo karani amerudi, na safari hii ameshika fomu ya mhanga. Fomu inauliza jina la marehemu, mahali, siku, na uhusiano wa anayejibu. Wapo waliohifadhi kitu: kadi ya ubatizo, karatasi ya kituo cha afya, daftari la parokia lililookolewa kabla kanisa halijachomwa, picha ya kilio. Wapo wenye majirani wawili tu wanaokumbuka, ambao nao wametawanyika, mmoja Bulengo, mwingine Nakivale. Wazee wa kambi nyingine wameanza kukaa na watu wa kijiji kimoja jioni na kuandika majina kwenye daftari la shule, mlango kwa mlango kama nyumba zilivyokuwa zimepangana kule nyumbani, wakianza na watoto.